FUNDI WA MABOMBA NA FUNDI WA STIMA WAJE SIKU MOJA



Safari hii sisi wa karakana hatuandiki habari za mshahara. Habari hizo zimo katika ukurasa wa kwanza, na katibu wetu amezieleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Sisi twataka kusema neno juu ya bafu.

Msicheke. Wakati wa baridi ya mwezi wa saba, mke wa mwenzetu mmoja aliingia bafuni alfajiri katika nyumba za kazi, akawasha hita ya shawa kama afanyavyo kila siku, akashika koki ili afungue maji. Stima ikamrusha. Alianguka akagonga bega kwenye ukingo wa mlango. Tunashukuru kwamba alikuwa amevaa ndara za mpira, na kwamba mlango wenyewe haufungiki vizuri, akaangukia nje badala ya kubaki ndani penye maji. Yu hai, lakini mpaka sasa hawezi kuinua karai kwa mkono ule.

Tulikwenda kutazama, kwa kuwa wengine wetu ni mafundi na hatupendi kuambiwa tu "ni bahati mbaya". Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Nyumba zile ni za zamani. Paipu za maji zilikuwa za chuma, zikitoka ardhini mpaka bafuni. Fundi wa stima aliyefunga hita miaka ile aliuchukua waya wa kupeleka stima iliyopotea ardhini, akaufunga kwenye paipu ya maji. Ilikuwa desturi ya mafundi wengi, na ilifanya kazi, kwa maana paipu ya chuma iliyozikwa ni njia nzuri ya kuingia ardhini. Kisha mwaka jana paipu zikaoza kwa kutu. Wakazi wakalalamika kwamba maji ni mekundu. Ofisi ikaleta fundi wa mabomba, naye akafanya kazi nzuri kabisa, akafukua chuma kilichooza, akaweka paipu mpya za plastiki kutoka barabarani mpaka ukutani. Maji yakawa meupe. Watu wakashukuru.

Lakini plastiki haipitishi stima. Siku ile fundi alipokata paipu ya chuma, aliukata pia waya wa ardhini wa kila hita katika mstari ule wa nyumba, bila kujua, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia. Bafuni kulibaki kipande cha chuma, yaani koki na shingo ya shawa, kimefungwa kwenye waya usiokwenda mahali popote. Hita ikaanza kuvuja stima kidogo, kama hita kuukuu zinavyovuja, na stima ile haikuwa na njia ya kutoka. Ikakaa kwenye koki ikingoja mtu mwenye miguu mibichi.

Sasa mwenye kosa ni nani? Fundi wa stima asema, "Nilipofunga mimi kulikuwa na chuma." Fundi wa mabomba asema, "Mimi niliitwa kubadili paipu, sikuitwa kutazama nyaya." Na kila mmoja ana karatasi yake iliyotiwa sahihi kwamba kazi ilikwisha vizuri. Ofisini nako maji yako kwa karani mmoja na stima iko kwa karani mwingine, na kila mmoja ana fungu lake la fedha. Tuliposoma shule ya misheni tulifundishwa habari za mnara wa Babeli, watu walivyoacha kusikilizana juu ya kazi moja. Angalau wale walikuwa na lugha mbalimbali. Hawa wote wasema Kiswahili.

Sisi watu wa reli tungeaibika kufanya hivyo kazini. Injini ya dizeli haitoki karakana kwa sahihi ya mtu mmoja. Anayetazama maji ya kupoza injini hawezi kusema kwamba joto la injini halimhusu, kwa sababu maji yakipungua, au rejeta ikiziba uchafu, injini yapata moto na kuzimika njiani, na abiria hawatauliza ni idara gani. Maji na moto katika injini ni habari moja.

Wazee wetu waliofanya kazi ya mvuke walilijua jambo hili kuliko sisi. Nendeni mtazame zile injini kubwa za Garratt katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, kama ile nambari 5918 iitwayo Mount Gelai. Ndani ya sanduku la moto la boila kulikuwa na plagi yenye risasi. Maji yakishuka chini ya kiasi, risasi ile huyeyuka, mvuke ukapuliza juu ya moto, na dreva akajua. Hakuna aliyesema kwamba plagi ile ni ya fundi wa maji au ya fundi wa moto. Na valvu ya usalama ilikuwa ikiheshimiwa kama askari. Kule Marekani mwaka 1831, injini iitwayo Best Friend of Charleston ilikuwa na mchochea moto aliyechoshwa na kelele za valvu ya usalama, akaizuia isipulize. Boila ikapasuka naye akafa. Tutarudi kwa huyo ndugu baadaye, kwa maana ana wafuasi wengi katika nyumba zetu.

Kwanza twataka kueleza ile hita ndogo ya shawa, kwa sababu ndiyo iliyo katika nyumba nyingi za wafanya kazi, na ndiyo inayoleta ugomvi mwingi kati ya majirani. Watu wamlaumu fundi wa stima kila siku, na mara nyingi kosa liko kwenye paipu.

Hita hiyo haina tangi. Maji yapita tu, na yanapata joto yakiwa njiani. Stima yake ni ile ile wakati wote, tuseme kilowati 5. Kuipandisha lita moja ya maji nyuzi moja ya joto kwataka kilojuli 4.2. Basi mwenye kujua hesabu ya darasa la saba aweza kupiga mwenyewe. Maji ya asubuhi Nairobi, tuseme ni nyuzi 18. Yakipita lita 3 kwa dakika, yatatoka na nyuzi 42 hivi, na hayo ndiyo maji mazuri ya kuoga. Yakipita lita 6 kwa dakika, yatatoka na nyuzi 30 tu, nawe utatetemeka. Yakipita lita 2, yatatoka na nyuzi 54 karibu, na hayo ni maji ya kuunguza ngozi. Hita haikubadilika hata kidogo. Swichi haikuguswa. Kilichobadilika ni wingi wa maji tu.

Na wingi wa maji wabadilishwa na nani? Na jirani. Katika nyumba tunazozungumza, paipu moja nyembamba yalisha bafu nne na vyoo vinne. Wewe unaoga, maji yako ni mazuri. Jirani avuta choo. Tangi la choo chake laanza kujaa, na kwa dakika mbili au tatu maji yako yapungua nusu. Mtu mzima ataruka pembeni akitukana. Mtoto wa miaka mitatu hajui kuruka, naye ngozi yake ni nyembamba, huungua upesi kuliko sisi. Ni kweli kwamba hita nyingi zina kiwambo cha mpira ndani kinachozima stima maji yakipungua sana. Lakini kiwambo hicho chazuia hita isiungue bila maji, hakikuwekwa kulinda mgongo wa mtoto. Lita 2 kwake huenda yakawa maji ya kutosha, asizime. Na kiwambo kikizeeka, au kikishika ukoko wa chokaa kutoka maji ya kisima, chaweza kukwama kabisa.

Wengine wanayo shida ya upande mwingine. Tangi lao liko juu ya paa, mita 2 tu kutoka shawa. Kimo hicho chatoa nguvu ndogo sana, kama sehemu ya tano ya baa moja, na kiwambo hakisukumwi, hita haiwaki. Mkazi amwita fundi wa stima. Fundi wa stima auza hita mpya. Hita mpya nayo haiwaki. Ndipo wakanunua pampu ndogo, na pampu ikaleta maji kwa nguvu nyingi, mkazi akapata baridi kwa sababu ya hesabu ile ya lita 6 tuliyoipiga hapo juu. Mwenzetu mmoja alitumia fedha za karo kwa mambo haya. Dawa ilikuwa kulipandisha tangi, na kumpa kila mkazi paipu yake kutoka tangini, isiyopita kwa jirani. Ni kazi ya fundi wa mabomba, kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa stima.

Sasa habari za sola, kwa maana nyumba mpya nyingi zinajengwa na matangi ya sola juu ya paa, nasi tunayafurahia. Jua halina tokeni. Lakini tangi la sola si tangi la maji tu, ni boila. Ina moto wa jua badala ya kuni, na sheria zake ni zile zile za boila.

Maji yakipata joto yanatanuka. Tangi la lita 200, likipanda kutoka nyuzi 20 mpaka 60, maji yake yaongezeka kama lita 3. Lita hizo zitakwenda wapi? Kama fundi wa mabomba aliweka valvu isiyorudisha maji nyuma kwenye paipu ya kuingilia, na wengi huiweka ili maji ya moto yasirudi kwenye paipu za baridi, basi mlango wa nyuma umefungwa. Uliobaki ni mlango mmoja, ile valvu ya usalama juu ya paa. Ndiyo maana wakati wa mchana yaonekana inadondoka. Mkazi aona matone ukutani, asema valvu imeharibika, aita kijana wa mtaani mwenye spana, naye aiziba kwa plagi na kulipwa shilingi 300. Huyo ndiye mfuasi wa yule mchochea moto wa 1831.

Wazee waliokaa katika nyumba zenye boila ya pipa, ile ya kuni iliyojengwa nje nyuma ya jiko, watakumbuka paipu moja nyembamba iliyopanda kutoka pipani mpaka juu kuliko tangi la maji, imeachwa wazi juu. Watoto waliidhani ni bomba la moshi. Ilikuwa mlango wa mvuke. Tumeona nyumba moja ambayo paipu hiyo ilikatwa na kuzibwa na mpaka rangi, kwa sababu "haipendezi". Kuni zilikuwa bado zinawashwa.

Tena kuna habari ya paipu zenyewe. Kuna paipu nyeupe za bei rahisi, nzuri sana kwa maji baridi na kwa maji machafu. Maji ya moto yakipita ndani hulainika, zikapinda kama ndizi, na maungio yakafunguka. Tuliona silingi iliyoanguka juu ya kitanda kwa sababu hiyo. Sola ilikuwa nzuri, imefungwa na watu wa sola, wakaiunganisha kwenye paipu waliyoikuta. Waliikuta nyeupe. Hawakuuliza. Vivyo hivyo shaba ikitangulia na chuma chenye zinki kikifuata, maji yakitoka kwenye shaba huila ile zinki, na joto huharakisha. Kila fundi wa karakana ajua kwamba metali mbili katika maji hazikai kwa amani. Lakini nani alimwuliza fundi wa karakana?

Mtu atasema, basi tuyapunguze joto, tuyaweke nyuzi 40, yasiunguze mtu wala kupinda paipu. Hapo napo pana mtego. Kuna kijidudu kinachopenda maji ya vuguvugu yaliyotulia, kati ya nyuzi 20 na 45, nacho huingia mapafuni kwa matone madogo ya shawa au ya mashine za kupoza hewa. Kilijulikana baada ya mkutano wa askari wa zamani wa American Legion katika hoteli moja mjini Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu wengi waliugua homa ya mapafu, na zaidi ya 25 wakafa. Kwa hiyo wenye ujuzi hushauri maji ya tangini yawekwe nyuzi 60. Na maji ya nyuzi 60 yaweza kumwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi. Njia ya kutoka katika mtego ni kuyaweka moto tangini, kisha kuyachanganya na baridi karibu na bafu kwa valvu ya kuchanganya. Valvu hiyo ni ya fundi wa mabomba, na kipimo chake ni cha fundi wa joto. Wasiposemezana haiwekwi. Katika nyumba tulizozitembelea hatukuiona hata moja.

Na tusisahau mfuko. Paipu ya nusu inchi yenye urefu wa mita 12 kutoka tangi la moto mpaka mfereji wa jikoni hushika maji kama lita 2. Maji hayo yamepoa usiku. Kila asubuhi mama aacha yamwagike akingoja ya moto, katika mji ambao maji huja kwa mgao. Jua limeokoa stima, paipu imepoteza maji. Na mfereji wa maji ya moto ukidondoka tone moja kila sekunde, kwa siku yapotea lita 20 hivi. Kama maji hayo yanapashwa kwa stima, hiyo ni yuniti moja karibu kila siku, yuniti 30 kwa mwezi. Kwa bei zilizotangazwa 2023, daraja la wanaotumia kidogo linaishia hapo hapo kwenye yuniti 30. Mpira wa kuzuia tone lile wauzwa shilingi chache. Lakini anayelipa tokeni ni mkazi, na mwenye wajibu wa mfereji ni mwenye nyumba, kwa hiyo tone laendelea.

Wenzetu wa Mombasa wasidhani kwamba haya ni maneno ya watu wa baridi. Kwao shida ni ile ile, imegeuzwa. Mashine ya baridi haitengenezi baridi tu, yatengeneza maji pia. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Ikipita kwenye mashine, unyevu wageuka maji, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho. Siku mbaya, mashine ya chumba kimoja yaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Anayefunga mashine hutoboa ukuta, apitisha paipu nyembamba, aiacha ining'inie, aenda zake. Wenzetu wa huko watuambia kwamba katika jengo lao maji ya mashine ya ghorofa ya pili yalikuwa yakitiririka ukutani miezi mingi mpaka yakaingia kwenye sanduku la mita za stima chini. Tena maji na stima! Alipoitwa fundi mwingine aondoe aibu hiyo, akaiingiza paipu ndogo moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu, bila kuweka kona ya kushika maji kama ile iliyo chini ya sinki. Harufu ya choo ikapanda kwa paipu hiyo mpaka chumbani, wakawa wanalala na madirisha yamefungwa, mashine inawapulizia. Na hata kona ikiwekwa, miezi mashine isipotumika maji ya kona hukauka, mlango wa harufu ukafunguka. Dawa ni kumimina kikombe cha maji. Lakini lazima mtu awe amekuambia.

Twajua yatakayosemwa. Wengine watasema chama ni cha mishahara, si cha mabomba. Ndugu hao wasome historia. Katika migomo ya Mombasa ya 1939 na 1947, nyumba ilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya wafanya kazi. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yasema wazi kwamba mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba. Yasema pia habari za maji safi ya kutosha. Nyumba ambayo koki yake inamrusha mama wa watoto si nyumba ya kufaa, hata kama imepakwa rangi mpya. Tena tangu Sheria ya Nyumba ya 2024 kila mmoja wetu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Tukikatwa fedha tuna haki ya kuuliza nyumba hizo zinafungwaje paipu.

Wengine watasema ofisi haina fedha. Lakini angalieni, katika nyumba zile fedha zilitumika mara mbili. Zilitumika kwa fundi wa mabomba, na sasa zitatumika tena kwa kufukua na kupiga nguzo za shaba ardhini kwa kila nyumba. Kama wangekuja siku moja, nguzo zingepigwa katika mtaro ule ule uliokuwa wazi. Ubahili huu ni wa gharama.

Na sisi wenyewe tuna makosa, ni lazima tuseme. Ni sisi tunaoita kijana mwenye spana kuziba valvu. Ni sisi tunaounga nyaya za hita kwa gundi ya karatasi, tukaificha ndani ya ukuta. Ni mwanachama wetu, tena mwenye cheo katika tawi, aliyetoa kamba ya pampu yake kwenye waya wa hita kwa sababu ulikuwa karibu. Tulimwambia uso kwa uso, kwa hiyo hatumsengenyi.

Tunalotaka ni jambo dogo. Kila nyumba ya kazi iwe na kadi moja, kama kadi ya injini. Fundi ye yote akigusa paipu, hita, sola, tangi au mashine ya baridi, aandike katika kadi hiyo hiyo, na kazi isihesabiwe kwamba imekwisha mpaka fundi wa upande wa pili ametazama na kutia sahihi. Paipu ya chuma isitolewe ardhini kabla waya wa ardhini haujapimwa na kupewa nguzo yake. Na kila bafu lenye hita lipate ile swichi inayokata stima mara moja ikivuja miliampea 30, kwa maana kama ingalikuwako, bega la yule mama lingekuwa zima. Zile paipu moja kwa bafu nne hatutazamii zibadilishwe mwaka mmoja. Tuanze na penye watoto wadogo.

Tumeipeleka barua ofisini, na nakala iko kwa katibu wa tawi. Tumeambiwa itajibiwa. Kwa sasa, wanachama wote wanaokaa katika nyumba za zamani zilizobadilishwa paipu, wasitumie hita mpaka waya wa ardhini umepimwa. Wapashe maji jikoni, ingawa ni taabu. Wenzetu wawili wa karakana wenye leseni ya stima wamejitolea kupima bila malipo Jumamosi mbili zijazo baada ya saa saba. Leteni nambari ya nyumba kwa mwakilishi wenu kabla ya Alhamisi, mkaandike pia kama valvu ya juu ya paa imezibwa, na nani aliiziba. Hatutamfukuza mtu. Twataka tu kujua ni ngapi.